Nilimwambia Fundi Anitolee Taa

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea heshima yangu hivyo hivyo, maana maji yamenifika shingoni na sina muda wa kuchagua salamu. Naomba unisaidie, na ikiwezekana unisaidie kabla ya Ijumaa, nitakueleza kwa nini.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na moja, nina mke ambaye ni mkunga katika zahanati isiyo mbali na kwetu, na kazi yangu ni ukaguzi wa mizani, yaani mimi ndiye yule mtu anayeingia dukani na sanduku la mawe ya kupimia, anapanga kilo moja, kilo mbili, kilo tano, na akikuta mizani imechezewa anaifunga kwa lakiri na kumwandikia mwenye duka barua ya kumharibia wiki. Nimeifanya miaka ishirini na sita, wauza nyama wananiita Bwana Gramu, na mizani iliyochezewa naijua hata kabla sijaigusa, kwa jinsi tu mwenye duka anavyonikimbilia na kiti. Nakueleza haya ili ujue siwezi kujitetea kwamba sikujua nilichokuwa nafanya.

Mke wangu alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na nne. Mtihani ulimwangusha mara mbili, na mara ya kwanza alilia garini mbele ya mwalimu, lakini alijikaza kisabuni akarudi, na mara ya tatu alipopasi alikuja nyumbani kaishika leseni kwa mikono miwili, akaiweka kwenye sahani yangu kabla hajanipakulia, akasema, "Leo kula hiyo kwanza." Tuna gari moja dogo la dizeli, na kwa kuwa mimi natembelea gari la ofisi, hilo likawa lake, nyumbani hadi zahanati dakika saba, zahanati hadi nyumbani dakika saba, na alilipenda akalitunza, akaliosha mwenyewe, akalisomea. Nasema akalisomea kwa sababu kile kitabu cha gari kinachokaa kwenye kidroo cha mbele, ambacho mimi miaka yote nilikitumia kubania karatasi za bima, yeye alikisoma toka jalada hadi jalada na kupigia mistari kwa penseli.

Basi mwaka jana ikawaka taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, kapicha ka kopo lenye vitone ndani, nami sikujua ni kitu gani, yeye ndiye aliyenifundisha. Akaniambia, "Mzee, hii ni filta ya moshi. Kitabu kinasema dizeli inaacha masizi, filta inayashika, na gari likienda safari fupi fupi halipati joto la kuyachoma. Tulitoe barabara kuu, nusu saa, mwendo wa kueleweka, yataungua yenyewe. Jumapili nitalipeleka mimi." Nikacheka. Nikamwambia kitabu hicho kimeandikwa na watu wasioijua dizeli yetu wala mashimo yetu, halafu nikaongeza, "Na wewe barabara kuu bado." Ukweli ni kwamba Jumapili napenda kulala, na sikutaka kuamka nikae kiti cha abiria nikishika mkanda huku malori yakitupita. Akasema haya. Taa ikaendelea kuwaka wiki tatu, gari likaanza kuvuta kwa shida kwenye mlima wa kwetu, nami nikaona sasa aibu, nikalipeleka kwa fundi mmoja anayeitwa Profesa kwa sababu habebi spana, anabeba laptopu.

Profesa hakupoteza muda. Aliniuliza, "Unataka nikusafishie filta au nikutolee taa?"

Nikamuuliza tofauti ni nini.

"Kusafisha ni siku mbili, na kwa safari zenu hizo itaziba tena. Kutoa ni leo leo, na hiyo taa hutaiona tena maishani mwako."

Mshauri, nikasema, "Nitolee taa."

Akaingia chini ya gari akalikata lile kopo la filta, akachomoa sega la ndani lililojaa masizi akalitupa kwenye pipa likavunjika, kisha akalichomelea kopo likiwa tupu akalirudisha mahali pake, ili mkaguzi akichungulia aone kopo lipo. Halafu akachomeka waya wa laptopu yake akaanza kuifundisha kompyuta ya gari kwamba filta iko na ni safi na isiulize tena, na alipomaliza akaniambia kwa fahari, "Na nguvu nimekuongezea, zawadi." Nilikuwa nimesimama pale pale, naangalia, na nilijua kabisa ninachokiangalia, kwa sababu ile ilikuwa mizani iliyofundishwa kusema uongo, na juu yake lakiri ya bandia, jambo ambalo nimewafungia watu maduka kwa ajili yake. Nikampa mkono, nikamshukuru.

Nyumbani mke wangu akaniuliza wamefanya nini, nikasema, "Wamesafisha." Akasema mbona haraka hivyo, nikamwambia mafundi wa siku hizi wana kompyuta.

Mwezi wa kwanza gari lilikuwa na nguvu ya ajabu, hata mimi nililiazima nijisikie kijana. Kisha ukaja moshi mweusi. Kila asubuhi mke wangu akiliwasha unatoka moshi wa kufunika ukuta wa jirani, na jirani yetu ni fundi cherehani ambaye mdomo wake haupumziki kama mguu wake, akaliita gari letu Jiko, akawa anapaza sauti juu ya ukuta, "Huyu bwana kajaliwa majiko mawili, moja linampikia yeye, moja linatupikia sisi!" Mtaa ukacheka, nami nikacheka, ila mke wangu hakucheka, akaanza kutoka mapema zaidi ili asionekane. Sare yake ikawa inanuka, akawa anaibeba kwenye mfuko na kuivalia kazini, akasema mtoto mchanga hapaswi kupokelewa na mtu anayenuka ekzosi. Aliniuliza kwa upole, "Ile filta kweli ilisafishwa?" Nikamwambia ni dizeli mbaya, abadilishe kituo. Akabadilisha. Akabadilisha tena. Na siku moja akaniambia neno ambalo sasa linanikosesha raha kila ninapokaa, alisema, "Kitabu kinasema kukiwa na tatizo taa itawaka. Haijawaka. Basi labda ni mimi ninavyokanyaga mafuta."

Nami nikanyamaza.

Sasa sikiliza kilichotokea. Miezi mitano iliyopita, Jumatatu asubuhi, amefika kwenye geti la zahanati, amepunguza mwendo ili mlinzi afungue, gari likaanza kunguruma lenyewe. Aliondoa mguu, likazidi. Alikanyaga breki, akatoa gia, likazidi. Akazima, akachomoa ufunguo kabisa, na injini ikaendelea kupiga kelele kana kwamba kuna mtu mwingine ndani, moshi mweupe ukafunika geti lote na benchi la akina mama waliokuja kliniki, wakawa wanakimbia wameshika matumbo yao, mpaka mlinzi akafungua mlango akamvuta mkono akamtoa. Likanguruma peke yake hadi likakwama na kufa. Nilipigiwa simu nikafika, nikamkuta amesimama kando ya barabara na ufunguo mkononi, mbele ya mlinzi, mbele ya wauguzi anaowafundisha kazi, mbele ya wale akina mama, na neno la kwanza lililonitoka mdomoni ni, "Ulikanyaga nini?"

Akautazama ule ufunguo. Akasema, "Sijui."

Tangu siku hiyo hajagusa usukani. Leseni ameiweka kwenye boksi la vyeti vyake vya shule. Anaenda kazini kwa miguu, dakika arobaini, mvua ikinyesha anavaa viatu vya plastiki na vya kazini anabeba. Na ameniomba msamaha kwa ajili ya gari, si mara moja, ni mara tatu, na mara zote tatu nimemjibu, "Yameshapita." Nimemsamehe mke wangu kosa langu, Mshauri.

Ukweli niliujua baada ya wiki mbili. Gari lilivutwa hadi gereji ya mama mmoja anayetengeneza magari ya wagonjwa, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akalifungua, akatoka anapangusa mikono, akaniuliza, "Nani alilipiga programu gari hili?" Hakungoja jibu langu, akasema, "Limelazimishwa kuvuta kuliko lilivyoumbwa. Turbo, hii feni ya kusukumia injini hewa, imezunguka kupita kiasi mpaka ikajimaliza, ikawa inapeleka oili kwenye injini, na injini ya dizeli ikipata oili yake yenyewe inaichoma, haingojei mafuta yako. Hapo ufunguo ni pambo. Na sensa zote za kuwasha taa, zilizopaswa kupiga kelele mapema, zimezibwa mdomo." Kisha akasema, bila mimi kuuliza, "Aliyekuwa anaendesha hakukosea. Hata mimi lingenishinda." Nikamwomba jambo hilo libaki kati yetu. Akasema, "Sitamtafuta mkeo nimwambie. Akija akaniuliza, namwambia." Hajaja. Gari bado liko kwake chini ya turubai.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Mke wangu amechaguliwa kuwa msimamizi wa wakunga wa zahanati tisa, kazi ambayo ameitamani tangu nimjue, na sharti moja ni kwamba atapewa gari la ofisi na ataliendesha mwenyewe, kwa sababu madereva wamepunguzwa. Anatakiwa kujibu kwa maandishi, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Ameandika jibu tayari. Ameandika kwamba anashukuru kwa heshima aliyopewa, lakini kwa masikitiko hana uwezo wa kuendesha chombo cha moto kwa usalama. Alinipa barua hiyo niisome nione kama kuna makosa, nikasoma, nikasahihisha herufi moja, nikamrudishia.

Naomba uniambie, ipo njia ya kumfanya aikubali kazi hii bila mimi kulazimika kumweleza yote? Nimefikiria kumtafutia mwalimu mzuri wa udereva. Nimefikiria kumwambia kwamba fundi amegundua ubovu wa kiwandani, kwa hiyo si yeye na wala si mtu. Nampenda mke wangu, hilo usilitilie shaka. Ila naona akijua, sitakuwa na uso wa kumtazama mezani. Naona aibu hata kukiona kile kitabu chake chenye mistari ya penseli.

Ni mimi,
Aliyetolewa Taa.

JIBU

Marahaba. Nimekuzidi, tena kwa miaka ya kutosha kukuvuta sikio.

Tuanze na swali lako ili tulimalize: hapana, njia hiyo haipo, na kama ingekuwepo nisingekuonyesha. Mwalimu wa udereva wa nini? Mkeo anajua kuendesha. Unataka kumtibu mguu ambao haukuvunjika. Na huo ubovu wa kiwandani ndio umenifanya niiweke barua yako chini nikanywe maji. Umempiga programu mkeo mara ya kwanza, sasa unataka kumpiga ya pili, akuone tena msafi na kopo lako tupu.

Mimi magari siyajui. Nilimpigia shemeji yangu anayetengeneza malori nikamsomea sehemu ya geti, bila kusema imetoka wapi. Akauliza, "Huyo mama alitoka mzima?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Ashukuru Mungu, injini ikifika hapo inaweza kupasuka." Bwana wee, shemeji yangu hamjui mkeo. Hajala chakula chake hata siku moja. Na hilo ndilo swali lililomtoka kwanza. Wewe unayelala naye kitanda kimoja ulimuuliza alikanyaga nini. Nimeipitia barua yako yote, ndefu ilivyo, nikitafuta mahali ulipomuuliza kama aliumia, na sijapaona.

Haya, nimeshagomba, sasa nikupe haki yako. Hukumsingizia Profesa, na wengi wangemsingizia. Alikuuliza swali la wazi kabisa, kusafisha au kutoa taa, nawe ukajibu kwa Kiswahili fasaha. Akakutolea taa. Gari likabaki na ugonjwa wake, likanyimwa tu mahali pa kulilia. Na baba, hebu fikiri, ndicho ulichomfanyia mkeo nyumbani. Alikuambia filta imeziba, ukacheka. Akakuambia kuna moshi, ukamtuma kituo kingine. Akakuuliza kama kweli ilisafishwa, ukamjibu habari za dizeli. Ilipofika mahali akaacha kukuuliza wewe na kuanza kujiuliza yeye, ukaona nyumba imetulia.

Ninachokuogopea hata si gari wala cheo. Mkeo ni mkunga. Watu wanaweka uhai wa watoto wao mikononi mwake, na kazi ile haifanyiki bila mtu kuiamini mikono yake. Siku ile alifanya kila kitu sawa: aliondoa mguu, akashika breki, akatoa gia, akachomoa ufunguo. Mwanamke mtulivu vile katikati ya moshi! Halafu mume wake akaja akamuuliza swali moja, na mtu aliyekuwa na uhakika wa kila alichofanya akasema sijui. Leo anaamini mwili wake unaweza kufanya jambo la hatari bila yeye kujua. Umewahi kufikiria anaingia na imani hiyo chumba cha kuzalishia? Fikiria sasa.

Na hapa utanuna, lakini nitasema. Ulipoisahihisha ile herufi ukamrudishia barua, hukusikia nafuu hata kidogo? Zahanati tisa ni mke anayerudi jioni, anayetoa amri, anayejulikana mji mzima kuliko Bwana Gramu. Sikushtaki, nakuuliza tu, na jibu si lazima unitumie. Ila ulimwambia "wewe barabara kuu bado" zamani, taa ilipowaka tu, kabla Profesa hajaligusa gari.

Sasa ufanye hivi, na ufanye leo. Barua yako imenifikia Jumatatu, gazeti linatoka Jumatano, kwa hiyo unazo siku mbili, na moja kati ya hizo ni yake, si yako, ya kukasirikia.

Usimnunulie kitu. Usimpeleke mahali pazuri. Akiona zawadi atajua kuna jambo na atakaa akiogopa kabla hujafungua mdomo. Mketishe, anza na neno hili hili, usilipambe: "Hukukanyaga kitu. Gari nililiharibu mimi, nikakuachia lawama." Hilo kwanza. Habari za Profesa na turbo zije baadaye, akitaka kuzisikia. Ukianza na mafundi wa siku hizi, utakuwa umeshaingia mitini kabla ya sentensi ya pili, nakujua.

Kisha mpeleke kwa yule mama wa gereji, na wewe ubaki nje. Nje kabisa, kwenye kivuli, si mlangoni. Amuulize anachotaka, aone hiyo turbo, aishike. Anahitaji kuambiwa na mtu asiye na sababu ya kumbembeleza, na huyo mama anaonekana hana. Alikuambia wazi atasema akiulizwa. Umemwacha na siri yako miezi minne na zaidi, naye umwombe radhi.

Halafu uende kwenye geti la zahanati. Ulimwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo chumbani hapatoshi. Mtafute mlinzi, watafute wale wauguzi, uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba mkeo hakukosea na kwamba wewe ndiye uliyechezea gari. Itakuuma. Utajisikia kama mwuza nyama aliyekutwa na sumaku chini ya sahani ya mizani. Vizuri, ukae na hisia hiyo dakika chache, na siku nyingine ukimkuta mtu wa namna hiyo umfungie mizani kama sheria inavyotaka lakini umwache bila mahubiri.

Yule jirani wa cherehani naye aambiwe. Hana haja ya maelezo marefu. Mwambie gari lilikuwa linafuka kwa sababu yako, na jina la Jiko aliondoe mdomoni. Atakutania wewe. Utani huo ni wako, upokee.

Kuhusu gari: lisitoke chini ya turubai mpaka filta irudishwe, ya kweli, na kompyuta irudishiwe programu iliyotoka nayo kiwandani. Kama huwezi sasa, likae. Na usije ukamuuzia mtu likiwa hivyo hivyo na uso umeukausha, maana mtaa mwingine nao una watoto na una mapafu, na huko nako yupo mke wa mtu atakayelaumiwa.

Kuhusu kazi, sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo utakapotaka kuharibu tena. Usimwambie aikubali. Najua ndilo uliloniandikia, na najua ungefurahi kumwona akiondoka na funguo za ofisi ili moyo wako upoe. Wiki hii huna ruhusa ya kumpangia. Mwambie tu kwamba ile barua aliyoiandika imesimama juu ya uongo wako, na kwamba ulipaswa kuichana siku aliyokupa uisome badala ya kumsahihishia herufi. Akiamua kuikataa kazi, aikatae kwa sababu zake. Akiamua kuikubali, ataendesha anavyojua. Akitaka kuomba siku zaidi za kufikiri, ataandika yeye, na wewe hutaikagua hiyo barua.

Anaweza kukasirika sana. Anaweza kwenda kwa dada yake akakaa huko. Usimfuate, usimtumie wazee, usimpigie simu kumwuliza atarudi lini. Wewe umekaa na ukweli huu karibu miezi mitano kwa starehe yako. Naye anayo haki ya kukaa nao kwa muda anaoutaka.

Atakuuliza jambo moja, nakuhakikishia, nalo ndilo litakaloamua kama mtaendelea kula meza moja. Atakuuliza kwa nini ulinyamaza. Ulimi wako utakimbilia kusema ulimwonea huruma, hukutaka kumuumiza. Usithubutu. Kila asubuhi ulimwona akitoka kwa miguu na viatu mkononi. Mwambie uliona aibu, ukaamua aibu hiyo aibebe yeye. Ni neno baya, na atakuamini, kwa sababu ni kweli. Halafu ufunge mdomo umsikilize mpaka amalize, hata kama hatamaliza leo.